Kukaa na Suzuki V-Strom 650 Miaka Mingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mwenye V-Strom 650, au anayetaka kuinunua, na ana nia ya kukaa nayo: kilomita 50,000, 100,000 na zaidi, kwenye lami yenye matuta, barabara za vumbi na mvua za masika. Ni pikipiki ambayo injini yake husumbua mara chache. Kinachowasumbua wenye nayo ni vitu vidogo vinavyoizunguka, na ndiyo maana majibu mengi hapa yanahusu vumbi, maji, grisi na viunganishi vya waya kuliko pistoni.

Kuna matoleo mangapi, na yanatofautianaje?

Matatu makubwa. La kwanza lilianza 2004 hadi 2011, tangi la lita 22. Ndani ya toleo hilo kulikuwa na mabadiliko muhimu mwaka 2007: kila silinda ilipewa plagi mbili badala ya moja, na ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukishika breki, ukaanza kupatikana. La pili ni la 2012 hadi 2016, tangi la lita 20, umbo jembamba zaidi, na mwaka 2015 ikaongezwa XT yenye ringi za spoku na ule mdomo wa mbele. La tatu lilianza 2017: lina kidhibiti cha kuteleza kwa gurudumu la nyuma, na kompyuta huongeza mzunguko wa injini kidogo unapoachia klachi ili isizime.

Injini ni ileile kimsingi: V yenye nyuzi 90, cc 645, kipenyo cha milimita 81 na mwendo wa pistoni wa milimita 62.6. Ni ya ukoo wa SV650, pikipiki nyingine ya Suzuki, hivyo spea kadhaa za injini huingiliana. Ukiagiza, taja mwaka na namba ya chasisi. Kusema "V-Strom 650" peke yake kutakuletea spea ambayo haikai.

Injini hukaa kilomita ngapi?

Ikipata oili kwa wakati na hewa safi, kilomita 150,000 bila kufunguliwa si jambo la ajabu. Zinazokufa mapema huwa zimekufa kwa sababu mbili: vumbi lililopita kwenye filta ya hewa iliyokaa vibaya, au kuendeshwa na oili iliyopungua hadi chini ya alama. Sababu ya pili ina madhara mengine yasiyofikiriwa: koili ya chaji ipo ndani ya kifuniko cha kushoto cha injini na hupoozwa na oili hiyohiyo. Oili ikipungua, koili nayo inapata joto.

Niweke oili gani na kiasi gani?

10W-40 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2, ambayo ni viwango vya Japani vya oili za pikipiki. Klachi ya pikipiki hii inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari, hasa zile nyepesi za kubana matumizi ya mafuta, zina kemikali za kupunguza msuguano. Klachi huanza kuteleza: unavuta akselereta, mshale wa mzunguko unapanda, lakini mwendo hauongezeki.

Ukibadilisha na filta huingia takriban lita 2.7. Usimimine yote kwa mkupuo. Tia lita mbili na nusu, washa injini dakika tatu ikiwa bila gia, zima, subiri dakika tatu nyingine, kisha simamisha pikipiki wima kabisa na usome kidirisha cha kioo upande wa kulia. Oili iwe kati ya mistari miwili. Ukisoma ikiwa imelala kwenye stendi ya pembeni utadanganyika na kujaza kupita kiasi.

Filta inayojulikana na maduka mengi ni Hiflo HF138. Ya Suzuki yenyewe ni 16510-07J00. Ipake oili kwenye mpira wake, ifunge kwa mkono. Nati ya kumwagia oili hukazwa kwa Nm 21 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) na inaingia kwenye aluminiamu, kwa hiyo fundi anayekanyagia spana ndefu ataharibu uzi wa kareta, yaani mwili wa chini wa injini. Weka pete mpya ya kuzibia (washa) kwenye nati kila mara.

Muda: kila kilomita 6,000. Kama safari nyingi ni za mjini kwenye foleni, au ni vumbi na mizigo, 5,000 inatosha. Gharama ya lita tatu za oili ni ndogo mno kuibishania.

Valvu zikaguliwe lini? Fundi anasema zisiguswe mpaka zipige kelele.

Hapo fundi amekosea, na kosa hilo linaua injini taratibu. Valvu za kutolea moshi kwenye injini hii huelekea kubana, si kulegea. Valvu iliyobana haipigi kelele. Injini inakuwa kimya zaidi. Baadaye inashindwa kufunga sawasawa, moto unapita, na kiti chake kinaungua. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kuwaka kwa shida asubuhi.

Ukaguzi ni kila kilomita 24,000, injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku mzima. Nafasi ya valvu za kuingiza ni milimita 0.10 hadi 0.20, za kutolea ni 0.20 hadi 0.30. Kwa silinda ya nyuma unaondoa tangi na boksi la hewa. Kwa ya mbele unasogeza rejeta. Zungusha injini kwa spana kutoka kifuniko cha kushoto mpaka alama ya silinda husika ionekane kwenye tundu la ukaguzi, na hakikisha pembe za kemshafti (shafti inayofungua valvu) hazikandamizi valvu unazopima.

Marekebisho hufanywa kwa kubadilisha vishimu, vipande vidogo bapa vya chuma vya kipenyo cha milimita 7.48, vilivyo chini ya vikombe. Vinatoka unene wa 1.20 hadi 2.20, kwa hatua za 0.05. Mfano: valvu ya kutolea imepimwa 0.17 na unataka 0.25, toa kishimu cha 1.75 uweke cha 1.65, nafasi itafika 0.27. Andika vipimo vyote na unene wa kila kishimu kwenye daftari la pikipiki. Mara ya pili utajua kabla ya kufungua ni valvu ipi inayosogea.

Ukaguzi wa kwanza mara nyingi hukuta zote ziko sawa. Hilo lisikufanye uruke wa pili.

Mvua ikinyesha injini inakosa moto, ikikauka inarudi. Tatizo ni nini?

Tazama plagi ya silinda ya mbele kabla ya kitu kingine chochote. Silinda hiyo inaangalia gurudumu la mbele moja kwa moja, na plagi yake imezama ndani ya shimo refu. Gurudumu linarusha maji na matope juu, maji yanaingia ndani ya shimo. Watengenezaji walijua, wakaweka kitundu kidogo pembeni mwa kichwa cha silinda ili maji yatoke. Shida ni kwamba kitundu hicho huziba kwa udongo. Shimo linajaa, umeme unaruka kwenye maji badala ya kwenye ncha ya plagi, na pikipiki inatembea kwa silinda moja na nusu.

Tiba ina sehemu nne:

1. Zibua kitundu kwa waya laini, wa spoku ya baiskeli au wa feni, mpaka upite.
2. Puliza shimo la plagi kwa hewa ya kompresa *kabla* ya kufungua plagi. Ukifungua kwanza, mchanga wote ulioko chini unaingia kwenye silinda.
3. Paka grisi ya silikoni ya umeme ndani ya mpira wa kofia ya plagi na kwenye ukingo unaoziba shimo.
4. Ongeza urefu wa madigadi ya mbele kwa kipande cha plastiki kinachoshuka sentimita kumi au zaidi, kimeshikwa kwa ribeti au gundi imara.

Hatua ya nne ndiyo inayomaliza tatizo, na pia inalinda rejeta, filta ya oili na mabomba ya ekzosi, vyote vilivyokaa mbele pale. Kipande cha ndoo ya plastiki kilichokatwa vizuri na kupakwa rangi kinafanya kazi sawa na cha dukani.

Na usipige kompresa ya maji ya kuoshea magari kwenye eneo hilo. Tatizo hili huanzia karwashi mara nyingi kama linavyoanzia kwenye mvua.

Filta ya hewa niishughulikie vipi kwenye vumbi?

Ipo chini ya tangi. Tangi lina boliti mbele na linainuka kwa kuegemea nyuma, halihitaji kutolewa lote. Ukitoka kwenye safari ya vumbi zito, kama kuelekea Loiyangalani au njia za ndani za Simanjiro, ifungue ukirudi, usihesabu kilomita. Filta ya karatasi pigapiga taratibu, kisha puliza hewa ndogo kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Ukipuliza kinyume unalisukuma vumbi ndani ya karatasi. Ukiona alama ya oili au karatasi imepasuka, tupa.

Kinachosahaulika ni mpira wa kuzibia. Paka utepe mwembamba wa grisi pande zote unapokalia. Kisha futa kwa kidole ndani ya boksi, upande wa injini, na ukitazame kidole chako. Kikitoka na unga wa rangi ya udongo, vumbi linapita pembeni, na filta mpya haitakusaidia mpaka ujue linapita wapi.

Cheni na spoketi zinakaa muda gani?

Cheni ni ya 525, spoketi ya mbele meno 15, ya nyuma 47. Hesabu pingili za cheni uliyonayo kabla ya kununua. Ikitunzwa, kilomita 25,000 hadi 30,000 ni kawaida. Isipotunzwa, 12,000 tu na imekwisha.

Ulegevu uwe milimita 20 hadi 30, ukipima katikati ya sehemu ya chini. Zungusha gurudumu na upime sehemu mbalimbali, kisha rekebisha kwa kufuata mahali ilipobana zaidi. Cheni iliyokazwa kupita kiasi inakula beringi ya shafti ya kutokea gia, na hiyo ni kazi ya kupasua injini nzima. Kati ya makosa mawili, afadhali ilegee kidogo.

Kipimo cha kujua imekwisha: ikaze, hesabu pini 21, pima kutoka ya kwanza hadi ya ishirini na moja. Ikizidi milimita 319.4, badilisha cheni pamoja na spoketi zote mbili. Cheni mpya juu ya spoketi iliyochongoka inaharibika kwa wiki chache.

Kuosha: mafuta ya taa na brashi laini, futa kwa kitambaa. Petroli hapana, kwa sababu inaharibu vipete vya mpira vinavyotunza grisi ndani ya pingili. Kisha paka oili ya gia, SAE 90, matone machache upande wa ndani wa sehemu ya chini, cheni ikiwa na joto la safari, na futa inayobaki. Ile desturi ya kumwagia oili chafu ya injini ina ubaya wake: imejaa masizi na chembe za chuma, na inanasa mchanga kuwa kama msasa. Kiungo cha kuunganishia kiwe cha ribeti. Cha klipu kwenye pikipiki yenye nguvu hii kinaweza kufunguka kwa kasi, na cheni ikikatika hapo inavunja kareta.

Jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi: ndani ya kifuniko cha spoketi ya mbele ndimo ulimo mtambo wa kusukumia klachi. Mafuta ya cheni na vumbi vinakusanyika humo na kuwa udongo mweusi mgumu, wakati mwingine unene wa kidole. Klachi inakuwa nzito, na watu wananunua kebo mpya bila kupata nafuu. Kila unapobadilisha cheni, fungua kifuniko, kwangua kwa kijiti cha mbao au plastiki, osha mtambo, tia grisi mpya, kisha rekebisha upya nafasi ya kebo.

Betri inaisha chaji. Nianze kupima wapi?

Anza na mita ya umeme, si na duka la betri. Injini ikiwa imezimwa tangu jana, betri nzima isome volti 12.6 au zaidi. Washa, panda mpaka mizunguko 5,000, na upime kwenye betri: iwe kati ya 14.0 na 15.5. Ikiwa ndani ya hapo, chaji ni nzima. Tatizo ni betri, au kitu kinanyonya umeme pikipiki ikiwa imezimwa, kama king'ora au kifaa cha kufuatilia kilichounganishwa vibaya.

Ikibaki 12 na kitu, fuata waya tatu zinazotoka upande wa kushoto wa injini hadi kiunganishi chake. Kitazame kwa karibu. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka ni ugonjwa wa kawaida: pini ikilegea au kupata kutu, joto linazaliwa pale. Kata, unganisha kwa risasi na bomba la kusinyaa, mambo yanaisha kwa gharama ndogo. Kama kiunganishi ni kizima, kichomoe na upime volti za AC kati ya waya kwa jozi tatu, injini ikiwa 5,000. Zote ziwe sawa, na juu sana ya volti 50. Jozi moja ikiwa chini ya wenzake, koili imeungua. Kisha zima na upime kila waya na chasisi: kusiwe na mawasiliano kabisa. Koili ikipita vipimo vyote, mkosaji ni regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye betri.

Regyuleta ya asili hufanya kazi kwa kurudisha umeme usiohitajika kwenye koili, kwa hiyo koili inafanya kazi kwa nguvu zote hata taa zikiwa chache. Ndiyo sababu wengi wakibadilisha huweka Shindengen SH775, ambayo inakata mkondo badala ya kuurudisha. Koili inapoa. Ifunge mahali panapopata upepo.

Kwa nini nyuma kumekuwa kugumu, na kunalia "kwii" nikipita kwenye tuta?

Ni beringi za sindano za viungo vya shokapu. Ziko chini ya mkono wa nyuma, mahali panaporushiwa kila tope, na kiwandani huja na grisi kiduchu. Pikipiki zilizoletwa kutoka Uingereza zina tatizo la ziada: kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na boliti za viungo hivi hushikwa na kutu mpaka zikatoka kwa nyundo na moto. Ukinunua ya aina hiyo, ifanye kazi hii kuwa ya kwanza.

Inua pikipiki kwa kuishikilia kwenye fremu ili gurudumu la nyuma lining'inie, na weka gogo chini ya gurudumu kuondoa uzito kwenye boliti. Toa boliti moja moja ukipiga picha ya mpangilio. Sukuma bomba la ndani kutoka kwenye kila beringi kwa uangalifu. Osha, kausha, jaza grisi isiyooshwa na maji mpaka kila sindano izame, angalia sili, rudisha. Beringi yenye madoa ya kahawia yanayoshikika na ukucha ibadilishwe. Rudia kila kilomita 20,000 au kila baada ya masika mawili.

Kwa mbele, fok za milimita 43 zina springi laini. Mtu wa kilo 90 mwenye mizigo ataona pua inazama kila akishika breki. Kaza vidhibiti vya juu kwanza. Kama haitoshi, springi ngumu zaidi ni matumizi bora ya pesa kuliko taa na mapambo. Sili ikivuja, usikimbilie kuibadilisha: shusha kizuia vumbi, pitisha ukanda mwembamba wa plastiki safi kuzunguka fok na uvute mchanga utoke. Mara nyingi uvujaji unakoma hapo.

Tairi gani, na upepo kiasi gani?

Mbele 110/80-19, nyuma 150/70-17. Duka la tairi za bodaboda halina saizi hizi, hivyo agiza nyuma ikiwa imebaki milimita tatu, usisubiri waya zionekane. Kwa lami nyingi, Metzeler Tourance au Michelin Anakee zinatosha. Kwa nusu kwa nusu, Mitas E-07 au Heidenau K60 Scout, ambazo ni ngumu na hukaa sana lakini zinahitaji adabu kwenye lami iliyoloa. Continental TKC80 inashika tope vizuri, ila ya nyuma inaisha haraka.

Upepo: psi 33 mbele, 36 nyuma ukiwa peke yako, 41 ukipakia. Kwenye changarawe ndefu shusha hadi 28 hivi. Usishuke zaidi ukiwa na ringi za aluminiamu za kumimina, maana shimo moja lenye ukingo mkali linaikunja, na ringi iliyokunjika haishiki upepo.

Hazina tyubu. Pancha ya msumari unaziba kwa kamba ya mpira ya kusokomeza bila kutoa gurudumu: toboa njia kwa kekee ya mkono, pitisha kamba yenye gundi, chomoa kwa mvuto mmoja, kata inayozidi, jaza. Beba kamba kumi na pampu ndogo ya umeme wa betri. Kumkabidhi fundi wa pancha asiyezoea tairi hizi ni hatari kwa ukingo wa ringi. Nyundo na vyuma bapa huacha alama zinazovujisha.

ABS inazimwa?

Kwa swichi, hapana. Kwenye 2017 na kuendelea kidhibiti cha kuteleza kinazimika, ABS haizimiki. Kwenye mteremko wa changarawe umbali wa kusimama unaongezeka, hivyo punguza mwendo na gia kabla ya mteremko.

Upepo unanipiga kichwani mpaka kichwa kinauma.

Malalamiko ya miaka yote ya pikipiki hii. Ukiwa mwendo wa 90 mahali salama, inuka kidogo, kisha inama kidogo. Ukitulia ukiwa umeinuka, unahitaji kioo kifupi. Ukitulia ukiwa umeinama, unahitaji kirefu, au mabano yanayokisogeza mbele na kuacha mwanya chini yake. Mwanya huo ndio hufanya kazi kubwa, kwa sababu hewa inayopita chini inavunja mvutano nyuma ya kioo. Viziba masikio vya sponji ni vya lazima kwa safari ndefu hata kioo kikikaa sawa.

Inakula mafuta kiasi gani?

Kilomita 20 hadi 25 kwa lita, kutegemea mwendo. Ukizidi 120 kwa saa ukiwa na masanduku ya pembeni, inashuka chini ya 20. Kwa tangi la lita 20, hesabu kilomita 350 za uhakika. Isiolo hadi Marsabit, kiasi cha kilomita 260, unafika bila wasiwasi. Ukinunua mafuta ya pipa au chupa, yachuje kwa kitambaa safi kilichofumwa vizuri na uache kidogo cha chini. Pampu iko ndani ya tangi pamoja na filta yake, na kuizibua porini si kazi ya kutamani.

Mizigo inapangwaje?

Vizito viwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Sanduku la juu ni la nguo na koti la mvua. Likibebeshwa vyuma, mpini huanza kutikisika ukifika 110, na watu hulaumu tairi. Kaza boliti za kibebeo kwa gundi ya nyuzi na uzikague kila siku ya safari ya changarawe, maana mikunjo ya barabara hufungua kila kisichofungwa.

Injini inazima nikiingiza gia ya kwanza. Na wakati mwingine haistati kabisa.

La kwanza ni swichi ya stendi ya pembeni iliyojaa tope. Ioshe, ipulize, inyunyizie mafuta mepesi. La pili mara nyingi ni swichi ndogo kwenye mkono wa klachi. Kama pikipiki imeanguka, zima ufunguo na uwashe tena, kwa kuwa kihisi cha kulala kimekata moto kwa usalama.

Taa ya FI (ya mfumo wa kupulizia petroli) imewaka, au dashibodi imeandika CHEC. Nifanyeje?

CHEC humaanisha kompyuta na dashibodi haviwasiliani. Kabla ya kuhofia kompyuta, angalia swichi nyekundu ya kuzimia injini, kisha fyuzi. Mara nyingi ni hiyo swichi.

Kwa FI, chini ya siti kuna kiunganishi kisichounganishwa na kitu, chenye kofia ya mpira. Unganisha waya mweupe wenye mstari mwekundu na mweusi wenye mstari mweupe kwa kipande cha waya, washa ufunguo, namba itaonekana. C00 ni hakuna hitilafu. C14 ni kihisi cha akselereta, C15 ni cha joto la maji, C23 kihisi cha kulala, C41 ni pampu ya petroli. Chomoa na usafishe kiunganishi cha kifaa kilichotajwa kabla ya kununua kipya.

Nikinunua ya mkono wa pili nitazame nini kwanza?

Omba isiwashwe kabla hujafika. Injini baridi inasema ukweli. Mlio mfupi wa cheni ya kemshafti sekunde moja mbili za mwanzo si tatizo, ukiendelea ni tatizo. Pima chaji kama ilivyoelezwa. Inua nyuma na usukume gurudumu juu na chini: mchezo unaosikika ni viungo vya shokapu. Inua mbele na uzungushe mpini taratibu. Ukikwama kidogo katikati, beringi za mpini zimechimbika. Tazama filta ya oili kama ina mbonyeo wa jiwe, na vizuizi vya mpini kwenye fremu kama vimepinda, maana hivyo hupinda kwenye ajali tu. Taa ya ABS iwake ukifungua ufunguo na izime ukianza kutembea. Isipowaka kabisa, mtu ameichomoa.

Mwisho, fungua siti na utazame waya. Viunganishi vya kubana vya bluu, gundi ya kunata na waya za rangi moja zinazokwenda kila upande ni dalili ya saa nyingi za kutafuta hitilafu, na bei ishuke kwa kiasi hicho.